Zaburi za Laana: Je, Inafaa Tuziimbe?

Masomo ya kusoma mbele: Zaburi 109, Zaburi 137, Matendo 1:15-20, Warumi 12:14-21.



Hakuna kitabu cha Biblia chenye kuchakaa mikononi mwetu kupita Zaburi. Mutazame Biblia ya mama yeyote wa kanisa: karatasi za Zaburi zimegeuka rangi, zingine zimetoka na kushonwa na uzi. Mtu akienda safari ya Kolwezi ao ya Kasumbalesa, tunamsomea Zaburi 121. Kwenye kilio tunasoma Zaburi 90. Mwenye dhambi akirudi, tunampa Zaburi 51. Mgonjwa akitoka kwa nabii, anarudi nyumbani na namba ya Zaburi, kama vile mgonjwa wa hospitali anavyorudi na karatasi ya dawa.

Na hapo ndipo ulizo letu la leo linapoanzia. Dawa ina kipimo chake, na dawa ya mtu mmoja inaweza kumuua mwingine. Katika zile Zaburi 150 kuna zenye kumwomba Mungu amvunje adui meno, amfute jina, awaache watoto wake bila baba. Je, inafaa Mkristo kuziimba? Na kama haifai, sababu gani ziko katika Biblia?

1. Neno lililotokea kwetu

Miaka fulani iliyopita, mama mjane wa kanisa letu alikuja kwetu mashemasi. Kisha kumzika bwana yake, hata siku 40 hazijatimia, shemeki yake alikuja na watu, akatoa vyombo vyake inje, akashika parseli. Mama alibaki na watoto wanne na masufuria mawili. Alituambia: "Munipe Zaburi yenye nguvu." Tukampa Zaburi 109. Tulimwambia aisome saa sita ya usiku, siku saba, na mshumaa, akitaja jina la shemeki yake. Maandiko hayakutufundisha vile. Tulisikia kwa wengine, nasi tukafuata, sababu tulimhurumia na hatukujua lingine la kumpa.

Ulikuwa wakati wa mvua, na malaria ilikuwa nyingi katika kartié. Siku ya sita mtoto wa shemeki, wa miaka mitatu, alishikwa na homa kali. Siku ya nane alikufa. Mama alikuja kwetu mbio, bila viatu, akauliza neno moja tu: "Mashemasi, ni mimi nimemuua?" Mbele tupate jibu, jamaa walikuwa wamekwisha kusikia habari ya mshumaa. Wakaanza kumwita mlozi. Mtu aliyeonewa jana, leo akawa mwenye kushitakiwa, na kazi ile ilitoka mikononi mwetu.

Tulienda kwenye kilio, watu watatu, tukasimama mbele ya wazee. Tukasema: "Mama huyu alilia kwetu juu ya nyumba yake. Ni sisi tuliompa mshumaa, na saa, na kutaja jina. Kama kuna kosa, lianzie kwetu." Mzee wa jamaa alinyamaza wakati mrefu. Kisha akasema: "Mukae chini." Hakuongeza neno. Tulikaa mpaka asubuhi, tukaimba Zaburi 130, ile ya mtu mwenye kulia kutoka shimoni. Tangu usiku ule tulianza kujifunza Zaburi kama watu wasiozijua.

2. Vyombo vya kusomea Zaburi

Tunataka kuwagawia kwanza vyombo tulivyopata, sababu kosa letu la kwanza lilikuwa kosa la kusoma.

Chombo cha kwanza ni kuwa na Biblia zaidi ya moja juu ya meza. Zaburi zimeingia katika Kiswahili tangu zamani: askofu Edward Steere alizitafsiri kule Unguja katika karne ya 19. Biblia ya Union ilitoka mwaka 1952, Habari Njema mwaka 1996. Tuko na Kifaransa cha Louis Segond cha 1910, na wazee wetu wako na Biblia ya Kiluba. Pahali neno ni gumu katika moja, lingine linafungua. Vijana wa chuo kikuu hapa Kasapa wanaokuja kuabudu nasi wanatuletea TOB ya 1975, yenye maelezo chini ya kila karatasi. Tusiwaonee haya kwa kuwa ni watoto wetu. Mtoto anaweza kushika taa, mzee akatembea.

Cha pili ni namba. Wandugu wengi wanabishana na jirani Mkatoliki, huyu akisema Mchungaji ni Zaburi 23, yule akisema ni 22. Wote wawili wana haki. Biblia ya Kiebrania na ile ya Kigiriki hazikugawanya sawasawa: Kigiriki kiliunga ya 9 na ya 10, kisha ya 114 na ya 115, na kikakata ya 116 na ya 147 vipande viwili. Ndiyo sababu kati ya 10 na 147 namba zinapishana kwa moja, na mwisho wote wanafika 150. Nabii akikupa namba, uliza ni ya Biblia gani.

Cha tatu ni kichwa cha Zaburi. Si zote ni za Daudi. Zenye kichwa cha jina lake ni 73. Kumi na mbili ni za Asafu, zingine za wana wa Kora, mbili zina jina la Sulemani, na ya 90 ina jina la Musa. Tena, zimepangwa katika vitabu vitano: 1 mpaka 41, 42 mpaka 72, 73 mpaka 89, 90 mpaka 106, 107 mpaka 150. Kila kitabu kinafungwa na sifa. Maana yake waliozikusanya hawakutaka kilio kiwe neno la mwisho.

Cha nne ni namna ya maneno yenyewe. Zaburi inasema neno, kisha inalisema tena kwa njia nyingine, ao inaligeuza. Sisi wa Katanga hatuoni hilo kuwa geni. Mwenye kusikia kasala ya Waluba kwenye kilio anajua namna mwimbaji anavyoita jina, analirudia kwa sifa, analirudia tena kwa machozi, mpaka watu wote wasimame. Usiharakishe mstari wa pili ukifikiri ni ule ule wa kwanza. Subiri kidogo katikati. Lile neno Sela, lenye kuonekana mara 71 katika Zaburi, wengi wanafikiri lilikuwa alama ya kupumzika ao ya vyombo kulia. Hakuna mwenye hakika, lakini kupumzika hakujaharibu wimbo wowote.

Cha tano ni kuimba kwa kujibizana. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mstari una jibu lile lile. Ile si ya kusoma mtu mmoja peke yake chumbani. Kiongozi anatoa, watu wanarudisha. Korali yetu yenye sauti ine ni nzuri, lakini korali ikiimba yote, na watu wakipiga makofi tu, tumewanyanganya chakula chao.

Na cha sita, kupita vyote: uliza ni nani anayesema, na anasema mbele ya nani. Hicho ndicho tulichokosa.

3. Zaburi 109 imesimama katika tribinali

Musome Zaburi 109 polepole. Mistari mitano ya kwanza, mtu analia juu ya maadui. Ni wengi, wanamsema uongo, yeye aliwapenda nao wanamrudishia chuki. Kisha, katika mstari wa 6, maneno yanageuka. Sasa adui ni mmoja tu: mshitaki asimame mkono wake wa kuume, siku zake ziwe chache, bibi yake awe mjane, watoto wake wawe ombaomba. Inaendelea vile mpaka mstari wa 19. Halafu maadui wanakuwa wengi tena.

Sababu gani wengi, kisha mmoja, kisha wengi? Wasomaji wengi wa Kiebrania wamejibu: sababu laana zile ni maneno ya maadui wenyewe. Mwimbaji anayataja mbele ya Mungu, kama mtu anayesema katika tribinali: "Bwana Juji, sikia wanavyosema juu yangu." Biblia ya Kiingereza ya NRSV ya 1989 imeongeza neno la kuonyesha hivyo. Na mstari wa 28 unasaidia, sababu pale mwimbaji anasema kwamba wale wanalaani, bali Mungu anabariki. Wengine wanakataa. Wanasema ni mwimbaji mwenyewe anayelaani, wanaonyesha mstari wa 20, na Petro katika Matendo 1 alitumia mstari wa 8 juu ya Yuda. Sisi hatuna masomo ya kuamua shauri hilo.

Lakini mutazame neno moja ambalo pande zote mbili zinakubali. Katika mstari wa 6 mshitaki anasimama mkono wa kuume wa mtu. Katika mstari wa mwisho, wa 31, ni Mungu anayesimama mkono wa kuume wa maskini. Zaburi yote ni tribinali, yenye mshitaki, mwenye kushitakiwa, na Juji. Sisi tuliitoa katika tribinali, tukaiweka chumbani saa sita ya usiku, bila Juji, na mshumaa. Tuliondoa Mungu, tukabakiza laana.

Tena kuna neno ambalo linatuuma mpaka leo. Laana ile inataka nini? Bibi wa adui awe mjane, na watoto wake wasipate wa kuwahurumia. Na mama yetu alikuwa nani? Mjane, mwenye watoto wasiokuwa na wa kuwahurumia. Tulimfundisha kuomba kwamba mwanamke mwingine apate mateso yale yale yaliyomleta kwetu akilia. Na watoto wa shemeki ni akina nani? Ni wandugu wa watoto wake, wenye jina la babu mmoja.

4. Wengine wamezikata

Basi tuziondoe? Wako waliofanya hivyo. Wamonaki Wabenedikti, waliofika Katanga mwaka 1910, wana kanuni ya zamani ya Benedikto yenye kuwaamuru kuimba Zaburi zote 150 katika juma moja, bila kuchagua. Lakini Roma ilipotoa kitabu kipya cha sala za saa mwaka 1971, iliacha inje Zaburi tatu nzima, 58, 83 na 109, pamoja na mistari fulani ya zingine, sababu ya ugumu wake kwa wenye kusali.

Wanamuziki nao walikata. Wimbo ule wa mito ya Babeli, uliotungwa na The Melodians wa Jamaika mwaka 1970, na Boney M wakaupeleka dunia yote mwaka 1978, umetoka katika Zaburi 137. Watu walicheza hapa Lubumbashi mpaka viatu vikatoboka. Mstari wa mwisho wa Zaburi ile, juu ya watoto wachanga wa Babeli, haumo. Nani angecheza na mstari ule?

Tunaelewa waliokata. Sisi wenyewe, kisha kilio kile, tulitaka kukata. Tulikaa karibu mwaka mzima bila kutaja 109. Lakini tuliona tatizo lingine. Mama yule alikuwa bado hana nyumba. Tulipomnyanganya Zaburi 109, tulimpa 23, tukamwambia atulie. Alituangalia tu. Alikuwa na neno la kumwambia Mungu, nasi tulikuwa tumefunga mdomo wake mara ya pili: shemeki alifunga mlango wa nyumba, mashemasi wakafunga mlango wa sala.

5. Kituo cha treni

Sisi wenye miaka 40 na kitu tulikuwa watoto mwaka 1992 na 1993, wakati wandugu zetu wa asili ya Kasai walipofukuzwa katika miji ya Katanga. Kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi watu walilala inje maelfu, na mizigo yao, wakingojea treni za kuwapeleka pahali ambapo wengi wao hawakuzaliwa. Wengi walikufa, watoto mbele ya wakubwa. Katika kanisa letu leo wanaabudu pamoja watu waliokuwa kituoni na watu ambao jamaa zao zilibaki mjini, wengine katika nyumba zilizoachwa.

Mama mmoja mzee aliyekuwa kituoni alituambia: "Ninyi munaimba Zaburi 137 mpaka mstari wa 6, munafunga kitabu. Mimi najua mstari wa 9 ni nini. Nilizika mtoto kando ya reli. Siombi mtoto wa mtu afe. Lakini Mungu ajue kwamba siku ile niliomba." Hatujasikia maelezo ya Zaburi ile yenye kupita hayo. Yerusalemu ilivunjwa na Babeli karibu mwaka 587 mbele ya Kristo. Waliouandika mstari ule walikuwa wameona watoto wao wenyewe. Mstari haukuandikwa na mwenye jeshi. Uliandikwa na mwenye kukaa chini, kando ya maji, bila kisu mkononi. Maneno tu ndiyo yaliyombakia, na aliyapeleka kwa Mungu.

Kuna upande mwingine. Siku moja tulikwenda na korali kuimbia wafungwa katika gereza la Kasapa. Tuliimba Zaburi moja juu ya waovu na mwisho wao. Mfungwa mmoja alituuliza kwa upole: "Wale waovu munaowaimba, ni sisi?" Korali ilinyamaza. Tangu siku ile tunajua kwamba kila Zaburi ya adui ina masikio mawili. Mwenye kuonewa anaisikia kama kilio chake. Mwenye kuonea anapaswa kuisikia kama samansi yenye jina lake. Na hakuna mtu kati yetu mwenye kukaa upande mmoja tu siku zote. Sisi mashemasi, kwenye kilio cha mtoto yule, tulikuwa upande gani?

Katika mji huu huu, ulipoitwa Élisabethville, Simon Kimbangu alikaa gerezani. Alihukumiwa kufa mwezi wa 10 mwaka 1921, mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, akaishi kifungoni miaka 30 mpaka alipokufa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Wafuasi wake walihamishwa mbali na nyumba zao. Wangeweza kutengeneza wimbo wa laana tu. Walibaki na nyimbo wanazosema walipewa kwa ufunuo, na kanisa lao linaziimba hata leo. Watu waliokatazwa kusema waliimba, na wimbo ulipita ukuta.

6. Jibu letu

Tunaandika kama watu walioungua, si kama walimu.

Kwanza, Zaburi za laana zisikatwe. Zimewekwa katika Biblia kusudi mwenye kuonewa asikose maneno mbele ya Mungu. Hasira isiyosemwa kwa Mungu inatafuta pahali pengine pa kwenda: kwa mganga, kwa panga, ao kwa watoto wa nyumbani.

Pili, ziimbwe nzima, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na katika kusanyiko. Mtu akisoma laana peke yake usiku, hakuna wa kumwambia kwamba mstari wa 31 unakuja. Wengine wakiwa kando yake, wanabeba uchungu pamoja naye na wanampeleka mpaka mwisho.

Tatu, jina la mtu lisitiwe ndani. Ukitia jina, umetoa hukumu wewe mwenyewe, Juji hana kazi tena. Mungu si mbwa wa kufunguliwa mnyororo juu ya jirani. Kwa Warumi, Paulo anatuambia tumwachie Mungu kisasi. Kumwachia ni kutoa mkono wako kabisa.

Ine, mwenye kuimba na mjane Zaburi 109 atembee naye kesho yake. Kode ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana yake, na inaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza. Sisi tulikuwa hatujui. Tungejua, tungempa mama yule ndugu wawili wa kumsindikiza tribinali ya amani, mbele ya kumpa mshumaa.

Tano, kwa lile ulizo lake, "Ni mimi nimemuua?", tulimjibu hivi: "Mama, malaria ndiyo iliyomuua. Zaburi haiui mtoto. Lakini sisi tulikufundisha kutaka, na kutaka ni kitu." Alilia sana, kisha akasema kwamba jibu lile ni zito lakini linabebeka. Mwaka uliofuata tulimsindikiza. Shauri lilichukua muda mrefu. Alipata vyumba viwili na njia ya kupita. Hatuandiki hilo kama ushuhuda wa ushindi, sababu katika parseli ile ile, mlango kwa mlango, anaishi mama mwingine aliyezika mtoto wake. Wanatekea maji kwenye bomba moja. Mwanzo hawakusalimiana. Sasa wanasalimiana.

Siku ya Mungu ya mwisho wa mwezi tunaimba Zaburi 109 kanisani, nzima, bila mshumaa. Anakuja. Kwenye mistari ya katikati ananyamaza, akiwaachia wengine. Kwenye mstari wa 31 anaimba.

Maulizo ya kufikiri katika vikundi

1. Umewahi kusoma Zaburi juu ya mtu ukitaja jina lake? Mtu yule yuko wapi leo?
2. Soma Zaburi 109 kwanza kama mwenye kuonewa, kisha kama mwenye kuonea. Ni mstari gani unaokugusa mara ya pili?
3. Katika kikundi chenu kuna mjane aliyetolewa nyumbani? Mumemwimbia? Mumemsindikiza?

Neema ya Bwana ikae nanyi. Amina.

Shemasi wenu, Kasapa